Hasi Elfu Tisa Mia Tisa Tisini na Tisa

Picha ilianza kushuka saa mbili, ikafika saa nne,
asilimia kwa asilimia,
kama mgonjwa anayeteremshwa ngazi,
hapa juu ya duka la magodoro, Mbale,
na nilipoifungua
mlima wote ulikuwa kijivu.

Si kijivu cha mawingu. Kijivu cha uji uliopoa.
Bududa haina bonde, haina mgongo,
kahawa na mwamba rangi moja,
na katikati doa jeusi, ukubwa wa ukucha.

Wepukhulu akasema skrini imekufa.
Nikaifuta kwa mkono wa sweta.
Nikazima, nikawasha, nikailaumu kebo,
nikaishusha picha upya, bando la wiki likaisha nayo.
Doa liko palepale.

Ndipo nikalibofya, kulihoji pikseli kwa pikseli.
Programu ikanijibu bila haya:
hasi elfu tisa mia tisa tisini na tisa.

Hakuna jani wala jiwe lenye mwanga wa namna hiyo.
Ni namba waliyoiweka wao
pale ambapo jicho la angani halikuona:
wingu lilipita,
wakaandika uongo mkubwa kiasi
kwamba mwenye akili asingeuamini.
Lakini programu haina akili, ina adabu.
Iliipokea namba ile kama mgeni wa heshima,
ikatandaza rangi zake kuanzia huko shimoni,
na mlima wangu mzima ukabanwa
kwenye kipande chembamba cha mwisho
kama ukoo wa bibi harusi
nyuma ya mjomba mmoja mnene pichani.

Dawa yake ni mstari mmoja.
Unaiambia: namba hii si namba.
Usiihesabu, usiipake rangi, iache ipite kama hewa.
Nikaandika. Nikabonyeza.

Mlima ukarudi.
Kahawa, mikaratusi, Manafwa ikijikunja
rangi ya chai ya maziwa,
na kovu jipya la udongo mwekundu
likishuka, likishuka, hadi ukingoni mwa doa,
ambalo sasa si jeusi tena. Ni tundu.
Nyuma yake naona ukurasa mweupe.

Tamaa ikanishika, nikazidisha:
na sifuri nazo nikaziita hakuna.
Papo hapo kivuli cha genge kikatoweka,
na bwawa la shule,
vitu vilivyokuwepo, vyeusi kwa haki yao.
Nikarudisha haraka, mikono ikinitoka jasho.
Sifuri ni mtu aliyeulizwa akasema, sina.
Ile nyingine ni mtu ambaye hajaulizwa.

Saa nane, simu kutoka Kampala.
Ramani itakiwa saa kumi, na isiwe na matundu,
wakubwa hawapendi matundu.
"Jaza kwa wastani wa majirani."

Naijua kazi hiyo. Kubonyeza mara moja tu,
tundu linaazima kijani cha kushoto, kijani cha kulia,
na Bunasuta nzima inageuka shamba
lenye afya, lisilo na mtu wala kilio.
Wepukhulu, aliyeoa Bunasuta,
ameacha kutafuna karanga.

Tukampigia mama mkwe wake. Ikaita, ikakata, ikaita.
"Huku ni ukungu tu. Hata jiko langu silioni."
Nyumba je?
"Si nimo ndani yake?"
Na kwa Khaukha, ng'ambo ya kijito?

Nikasikia mvua kwenye bati lake.

"Kwa Khaukha sijui.
Tangu usiku sijawasikia ng'ombe."

Nikaongeza kwenye ufunguo wa ramani,
chini ya rangi zote,
kisanduku cheupe chenye mpaka mwembamba,
na mbele yake neno moja: Hatujaona.

Saa kumi na dakika tano nikaituma.
Kampala ikajibu kwa alama ya kuuliza, peke yake.
Nikageuka nimwoneshe Wepukhulu.
Koti la mvua halikuwa msumarini,
na huko chini, mbele ya magodoro,
pikipiki ilikuwa inakataa kuwaka, inakataa,
ikawaka.