Futi Kumi za Mwisho

Muuzaji wa Fargo alisema elfu kumi na tisa na mia nne,
akasema kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi.
Verlyn akaiandika kwa chaki yake ya kuchorea vyuma
nyuma ya mfuko wa mbegu za alizeti,
akaipigia mstari mara mbili.

Mimi Arlys, mke wake, mshika daftari,
nikavaa miwani.

Bei ya mifupa si bei ya ng'ombe.

Hiyo ni mihimili na mabati, nikamwambia,
na skrubu zake ndani ya ndoo. Bado hujasimama popote.
Huku kwetu jalidi huzama futi tano ardhini,
huinua msingi wa mvivu kama kifuniko cha sufuria.
Basi andika zege, andika nondo,
andika na lori litakalokwama kwenye kona ya kanisa:
elfu kumi na mbili.
Andika mlango wa kupanda juu, upana wa trekta.
Andika umeme, maana mashine ya kuchomelea haili mishumaa.
Sufi ya kutani, la sivyo Januari utashika nyundo
na nyundo itakushika wewe.
Kibali cha kaunti, dola mia tatu na kumi,
kwa karani niliyesoma naye darasa moja
na bado hanisalimii.

Na dharura.
"Dharura gani?"
Ningeijua, mume wangu, isingeitwa dharura.

Jumla ikajaa mfuko, ikamwagikia mezani:
elfu arobaini na tisa na sabini na moja.
Akiba yetu, pamoja na ndama wa vuli: elfu thelathini na nane.

Akanyamaza. Akamenya chungwa zima asilile.
Kisha kwa kidole gumba
akafuta futi kumi upande wa mashariki.
Hamsini ikawa arobaini.
Hakuniangalia.

Futi hizo kumi tunazijua sote wawili.
Hapo ndipo lingekaa benchi la pili,
na ndoano ya kofia ya pili ya kuchomelea,
ile yenye ndimi za moto alizozichora mtoto wa miaka kumi na minne
kwa rangi yangu ya kucha.
Dalen yuko Alaska, kwenye mabomba, mwaka wa sita huu.
Hupiga simu Krismasi, huuliza bei ya ngano.

Asiyekuwapo na lake halipo:
daftari laijua methali hiyo kuliko mtu yeyote,
nami nimelishika miaka thelathini na moja.
Nimekata safari, nimekata meno ya bandia,
nimekata hata maua ya mazishi ya mama.
Kukata nakujua.

Usiku ule nilihesabu upya hadi jiko likapoa.
Chuma, sawa, futi arobaini.
Mlango wa mtumba.
Sufi tutaibandika wenyewe, kwa ngazi ya kuazima
na matusi yake Verlyn.
Kibanda cha kukokota nyuma ya gari, tulichokikokota mara mbili tu,
nikakiuza kwa Skogen kabla hajaamka vizuri.
Na zege nikaliacha palepale:
hamsini.
Zikabaki dola mia nne na ishirini na tisa.
Nilizihesabu kwa vidole, kama mtoto.

Sasa ni Novemba. Karakana imesimama,
mwanga wa buluu unachungulia penye ufa wa mlango.
Upande wa mashariki kuna sakafu isiyo na ukuta wala paa,
na boliti zimechomoza kwenye theluji, zinangoja nguzo.
Nimezipaka grisi, nikazivika makopo ya supu.

Skogen alipita akauliza ni za nini.
"Mke wangu alikosea hesabu," Verlyn akamjibu,
akainama kunyoosha kopo moja
lililopindishwa na upepo.