Dola ya Bibi Matika

Usiku wa kuamkia mgeni
bibi aliomba jivu, lile laini la kuni za mgunga,
akalilowesha kwa maji ya ukwaju,
akakaa chini, miguu ameinyoosha,
na kwa pindo la kanga kuukuu
akaisugua dola.

Mimi nilishika koroboi.
Nikasema, "Upande huu bado, bibi."
Nilikuwa nasaidia.

Ilikuwa nyeusi kama sufuria la msibani.
Ilifika Kongwa mwaka wa karanga,
matrekta yalipokuja kulima pori
na ardhi yetu ikayang'oa meno.
Fundi mmoja, Mmarekani, akaanguka homa.
Babu alimchotea maji siku kumi na moja,
na siku ya kumi na mbili fundi akaketi,
akapapasa mfuko wa shati,
akamwekea hili duara zito kiganjani.
"Laki," akasema. "Laki, laki."
Babu akarudi nyumbani amenyooka mgongo:
amepewa laki moja.

Hakuitumia. Nani Kongwa angemrudishia chenji?
Njaa ilikuja ikaondoka, ng'ombe wakaisha,
dola ikabaki ndani ya kopo la chumvi
pamoja na stakabadhi za kodi ya kichwa.
Mwanamke wa kwenye dola ana masuke kichwani.
Bibi alishikilia kuwa ni uwele.
Nyuma yake kuna ndege, mabawa wazi,
kama mwewe aliyefumaniwa na vifaranga.

Paa la tembe lilipoanza kututemea udongo
nikaipiga picha, nikaituma Arusha.
Bwana Kassamali akapiga simu usiku uleule:
"Msiiguse."
Nikaelewa: tusimwuzie mwingine.

Alifika saa nne, vumbi mpaka kwenye nyusi.
"Mbukwenyi," akajaribu, na bibi akampenda hapohapo.
Akavaa glavu nyeupe, kama daktari wa Mvumi,
akatoa lenzi, akatoa mizani ndogo kuliko kisosi.
Akasoma: elfu moja mia nane themanini na sita.
Chini ya mkia wa ndege akatafuta herufi,
akaipata: O, ndogo kama jicho la sisimizi.
"Zilitengenezwa nyingi," akasema polepole,
"lakini zote zilikwenda sokoni zikachakaa.
Hii haijawahi kununua hata kiberiti."
Mkono wake ulitetemeka. Niliuona.

Kisha akaiinamisha kwenye mwanga wa mlango.

Kimya.
Mbuzi akakohoa nje.

"Nani ameiosha?"

Bibi akainua mkono, kama mtoto anayejua jibu.

Akatueleza, bila ukali, na hilo liliniumiza zaidi:
weusi ule ndio uliokuwa bei.
Miaka zaidi ya mia ilikuwa imeupaka taratibu,
na sisi tumeukwangua kwa usiku mmoja.
Sasa ni fedha tu, ya kupima.
Akapima. Akapiga hesabu kwenye simu.
"Elfu tisini na tano."

Hata laki haikufika, babu.

Bibi aliuliza, "Huko kwenu mnanunua uchafu?"
"Wa aina hii, mama, ndiyo."
Akacheka mpaka akashika ubavu,
kisha akaacha kucheka.
"Mwenye dola hii nilimwosha mwenyewe,
kichwa mpaka vidole, kabla sijawapa watu wamzike.
Ningekupaje hii na masizi yake?"

Bwana Kassamali akavua glavu.
Alikula nasi ugali na mlenda, akaongeza mlenda.
Noti zake alizirudisha mfukoni, bibi alizikataa,
na bati tulikopa kwa Mahinyila wa dukani;
bado tunadaiwa la tatu.

Dola imerudi kwenye kopo.
Juzi nililifungua: ukingoni, karibu na masuke,
kuna kivuli cha rangi ya chai.
Akiwa mlangoni, yule bwana alisema
weusi hurudi wenyewe, ukiachwa.
Unataka miaka mia.

Nimeficha jivu.