Mbuzi Hii

Hatukutangaziwa. Mkude aliandika tu kwa chaki
kwenye mlango wa maabara ya chini, Kijitonyama:
LEO SAA NNE. MASHINE ZINAZOJIFUNZA. NJOO NA SWALI.
Chini yake mtu akaongeza: na buku ya chai.

Tulikuwa kumi na saba, viti kumi na viwili.
Wa mwaka wa kwanza walikalia ndoo za rangi
zilizoachwa na mafundi,
na feni moja ikawa inageuza shingo polepole
kama msimamizi wa mtihani.

Dakta Anyitike alikuja na bodaboda, bila slaidi,
kandambili miguuni, viatu mkobani.
"Niiteni Anyi," akasema. Hatukuweza.
Tulimwita Dakta mpaka saa sita,
kisha Dada, kisha tukasahau kumwita chochote,
tukawa tunamkatiza tu.

Darasani unanakili mlinganyo
kama anayenakili namba ya simu ya mtu asiyemjua.
Hapa tuliipiga.
Mara nyingine ilipokelewa.

Ndipo Kuruthumu, ambaye muhula mzima
sikuwahi kuisikia sauti yake ila akiitika "nipo",
akaiandikia mashine, neno kwa neno:
Mama amekalia mbuzi, anakuna nazi.

Mashine ikawaza. Ikachora.
Mwanamke mwenye kilemba, jua la kadi ya sikukuu,
amempanda beberu mwenye ndevu,
nazi tatu kazipakata kama wajukuu.

Tulicheka hadi mlinzi akachungulia.
Kuruthumu hakucheka.
"Ningeandika mbuzi huyu, kosa lingekuwa langu.
Ningeandika mbuzi hii, kosa lingekuwa lake.
Sikuandika huyu, sikuandika hii,
na bado kila mtu humu ndani
ameuona ubao, ameuona ulimi wa chuma.
Sisi tumeonaje?"

Dakta akavuta ndoo, akaketi.
"Miaka sita niko kwenye kazi hii," akasema,
"na jibu nililo nalo ni nusu.
Imesoma mbuzi wengi: wanaochinjwa, wanaouzwa,
wanaokula mahindi ya jirani.
Mbuzi za jikoni hazijaandikwa.
Nani aandike kitu anachokikalia kila siku?
Nusu ya pili, siijui."

Sikuwahi kumsikia mwalimu akisema siijui
bila kuongeza: tutaiona wiki ijayo.
Nikaiweka daftarini, na tarehe.

Luku ikaisha saa saba kasoro.
Feni ikafa imeangalia ukutani.
Hakuna aliyesimama. Tulihamia kwenye chaki,
jasho likituchora mgongoni ramani za nchi zisizokuwepo,
tukibishania huyu na hii
kama watu wanaogombea kiwanja.

Jumamosi iliyofuata Kuruthumu alitoka Mbagala na kiroba.
Ndani, imeviringishwa kanga kuukuu,
mbuzi ya mama yake,
meno yamelika upande mmoja tu
kwa kuwa mama hutumia mkono wa kushoto.
"Lazima irudi kabla ya saa kumi," akasema,
"leo kuna wali."

Tuliipiga picha mia mbili na kumi na nne:
imekunjwa, imekunjuliwa, ina mtu, haina mtu,
Mkude akijifunza kuikalia
na kuharibu nazi ya watu.
Chini ya kila picha sentensi moja,
na juu ya kila sentensi ugomvi:
mmoja akasema kwao ni kibao cha mbuzi,
mwingine akauliza kwa nini picha zote ni za wanawake,
basi Mkude akakalia tena.

Sijui kama mashine itaelewa.
Cheti hakuna. Buku zetu zimeishia kwenye chai.

Daftari la mahudhurio ninalo mimi.
Jina la kumi na nane, siku ile, niliandika: Mbuzi.
Kwenye nafasi ya sahihi
nikaikandamiza karatasi juu ya meno yake.