Kitenzi cha Bi Thuwayba

Ofisi yangu iko Ruwi, juu ya duka la saa,
kwa hiyo nina haki, nadhani, ya kuudhika
mtu anapopanda ngazi akihema na kuniambia
amenisubiri chini lisaa lizima.
Lisaa! Kama vile saa imenenepa,
imekula halua hata mkanda haufungi.
Saa, bwana. Saa moja, saa mbili, saa kumi.

Mimi ni mtafsiri wa nyaraka. Hati za kuzaliwa,
za ndoa, za talaka, za shamba la mtu aliyekwisha kufa.
Neno likikosewa mezani kwangu, mtoto anabadili baba.
Kwa hiyo msinambie nachagua.

Juzi Zahran wa Maabela kaniletea jirani yake,
kanong'ona, "Huyu tajiri,"
nami nikainuka, nikampa kiti chenye mto.
Kumbe Zahran kaliingiza neno la Kiarabu ndani
bila kulivua viatu mlangoni:
bwana wa watu mchuuzi tu, anauza betri za gari,
na deni lake refu kuliko barabara ya Sur.

Na yule aliyenikanyaga kwenye lifti ya wizara
akasema, "Pole,"
kana kwamba maumivu yamenijia yenyewe, kwa miguu yao.
Pole ni ya mpita njia.
Wewe uliyenikanyaga, lako ni samahani,
na uondoe kisigino.

Lakini haya yote vumbi. Mwiba wangu uko Al-Khoudh,
kwa shangazi yangu, kila Ijumaa baada ya sala,
akishagawa wali wa nazi ya pakiti na kuilaani pakiti:
"Tuliporudi Oman, hapa palikuwa mawe matupu."

Tuliporudi.
Miaka arobaini nalimeza neno hilo, haliteremki.
Kurudi kunataka kwanza uwe umeondoka.
Bi Thuwayba kazaliwa Wete, kalelewa Wete,
jino lake la utoto limebaki kwenye muwa wa Wete.
Ndege iliyomleta mwaka wa sabini na nne
ndiyo ya kwanza kuipanda, na aliposhuka
jua la hapa lilimzaba kofi kama linavyomzaba mgeni yeyote.
Kiarabu chake siku hiyo: salamu na Alhamdu.
Huyo amekuja. Kuja, kitenzi kifupi, hakidai kitu.

Ijumaa iliyopita nikashindwa. Nikaweka kijiko.
"Shangazi, hapo uliporudi,
ulikuwa umepata kufika kabla?"

Binti yake Rayya akanifinya paja.
Kiyoyozi kikakohoa, kikanyamaza.
Bi Thuwayba akanitilia nguru, kipande cha mkia,
chenye miiba mingi.
"Sikupata," akasema. "Alipata babu yako.
Katoka Ibra na kofia moja na deni,
akamwambia mamake, narudi.
Hakurudi. Sasa wewe mwenye muhuri,
neno lile lilipaswa kulipwa na nani?"
Kisha, akifuta vidole:
"Na wewe ulikuwa mapajani mwangu humo ndegeni.
Ulinitapikia tangu Mombasa.
Kula."

Jumapili nimepekua kamusi zangu, zote tatu,
na ile ya Kiarabu isiyo na jalada.
Kuna kuja, kufika, kuhamia, kurejea,
kuna kuletwa, ambacho ndicho changu, sijawahi kukiandika popote.
Cha mtu anayeshika njia kwa mara ya kwanza
ili amalizie safari ya mwingine, sijakiona.
Nikarudi nyuma, nikaanza tena kwenye K.

Mlango ukagongwa. Kijana, jasho, bahasha mkononi:
"Mzee, nimekusubiri lisaa lizima."

Nikaifunga kamusi.
Lile la shangazi nimelipigia muhuri.
Hili, wallahi, la.
"Saa," nikamwambia. "Kaa. Hebu sema saa."