Kimoja Asubuhi, Kimoja Usiku

Mama hakubandua lebo hata moja.
Hapo ndipo mimi na kaka yangu Waino tulipokosea hesabu:
tulikuja Hibbing na mifuko ya taka, mikubwa, myeusi,
tukidhani ni kazi ya mchana mmoja.

Theluji ilikuwa imefika kwenye kitasa cha mlango wa nyuma.
Tulichimba njia kwa sepetu, tukaingia jikoni tukichuruzika,
na pale kabatini, rafu juu ya rafu,
vichupa vya dawa za baba,
vya plastiki, rangi ya mkandaa uliokolea,
vifuniko vyeupe,
vimesimama kimya kama kwaya inayomsubiri mwalimu.

Miaka kumi na mmoja alimeza.
Za moyo, za presha, za mapafu yaliyojaa vumbi
la mgodi uliomlipa, ukamstaafisha,
kisha ukamfuata hadi nyumbani.

Nilifungua cha kwanza.
(Bonyeza, ndipo uzungushe.
Vifuniko hivi vilibuniwa kuwashinda watoto;
walioshindwa ni wazee.)
Mbegu za nyanya.
Nje: EINO KANGAS.
KIMOJA ASUBUHI, KIMOJA USIKU.

Cha pili, ndoana za kuvulia chini ya barafu,
zimechomekwa kwenye kipande cha sponji
zisije zikang'ang'aniana kama ndugu kwenye shamba la urithi.
HUENDA IKALETA USINGIZI. USIENDESHE MASHINE.
Waino akacheka mpaka akakaa.
Baba alikuwa akisinzia mle kibandani, katikati ya ziwa lililoganda,
uzi wa ndoana ameufunga kwenye kidole gumba,
samaki ndiye aliyemwamsha.

Chumvi: MEZA PAMOJA NA CHAKULA.
Njiti za kuwashia sauna, na chini ya kifuniko
duara la msasa, limegundishwa, la kukwaruzia.
Sindano, vifungo, funguo za baiskeli zilizokwisha kuibwa.
Sarafu za mashine ya kufulia, ya enzi tulipofulia kwa watu.
Kimoja kimetobolewa kwa msumari wa moto,
kimejaa karafuu, kinaning'inia kati ya makoti:
nondo wamehama nyumba hii.
Kingine, kidogo kuliko vyote, WEKA MBALI NA WATOTO,
ndani yake jino.
Langu. Nilikuwa na miaka sita, kilio changu nakikumbuka,
jino nilikuwa nimelisahau.

Mama akaja na kikombe chake, akaona mifuko.
Hakupandisha sauti.
Alisema huviosha kwa maji ya moto na soda,
huvianika kwenye taulo usiku kucha, vifuniko mbali,
maana unyevu ukibaki mbegu huota ukungu.
Alieleza kama mtu anayeeleza mapishi.
Nikamuuliza, basi lebo je?
Si zinatoka, ukipaka mafuta?

"Zinatoka."
Akanywa.
"Lori la taka hupita Alhamisi.
Sikutaka jina lake lipande lori."

Hatukusema kitu. Waino akaanza kurudisha rafuni,
akikosea mpangilio, mama akipanga upya nyuma yake.
Nikabakiwa na kimoja mkononi.
Nilikitikisa: kilikuwa na sauti isiyo ya mbegu
wala ya vifungo.
Vidonge. Saba.
Tarehe ya lebo ilikuwa wiki ile ya Machi
ambayo hakuna aliyekumbuka kumpa chochote.

"Hicho," mama akasema, "bado sijakipatia kazi."
Alikichukua, akakiweka karibu na sikio,
akakitikisa mara moja, polepole,
akakirudisha nyuma kabisa, nyuma ya chumvi.

Duka la dawa hupokea zilizobaki, nilitaka kumwambia.
Nitamwambia kiangazi, nyanya zikishika.

Mifuko tuliondoka nayo yote, mitupu,
ila mmoja Waino aliutandika kwenye kiti cha gari.
Suruali yake ilikuwa bado mbichi kwa theluji.