Herufi za Mwisho

Kwetu kivumishi huvaa kofia.
Mtoto mdogo, kiti kidogo, mikeka midogo:
unajua ni wa ukoo gani
kabla hajafungua mdomo.
Kijerumani kinavaa viatu.
Sharti neno lipite lote mlangoni
ndipo uiname utazame limevaa nini,
e, en, er, es, au ile em ya kukutia aibu mbele za watu.

Haya nimeyajulia Ngamiani, barabara ya nane,
juu ya duka la vipuri vya baiskeli,
kwa Mwalimu Semkiwa aliyesomea Leipzig
enzi ukuta ungali umesimama.
Hadi leo chaki yake hukwaruza
kama anayekuna nazi.
Tuko sita, wauguzi watupu, na barua ya aina moja:
hospitali ya mji tusioweza kuutamka
inatungoja tukifaulu.

Alitutungia ubeti, akasema tulale nao:

Der akiwa amebeba, kivumishi kitulie;
der akiwa hajafika, zigo kikalishikie;
ein naye huwa mvivu, nusu yake kifidie;
na aliyesahau en, kesho tena arudie.

Mwanaidi alicheka hadi kalamu ikamponyoka.
Mimi niliandika: starker Kaffee.
Der hayupo. Lakini tazama mkiani,
ile er yake imebaki pale pale,
kama shati la mtu aliyehama
analolivaa mwanawe wa kwanza.

Baba alikwenda Mtwara na kampuni ya gesi
mwaka nilioingia kidato cha pili.
Ada ya Chambo, dawa za bibi, luku,
kikao cha wazazi wa darasa la Hiza,
mimi na sare yangu ya shule katikati ya akina mama.
Kanuni hakunifundisha mtu.
Zigo lilikuwa chini, nikaliinua.

Mtihani ni Jumanne.
Natoka zamu ya usiku Bombo
na kila ninachokipita nakivisha:
ein altes Fahrrad, ndiyo hii ninayoipanda;
das alte Fahrrad, imepumzika, das kashaibeba s;
mit dem alten Fahrrad, hapa ndipo ninapoanguka kila siku,
wala si kwenye lile shimo la Chumbageni.

Muuza maziwa ananiita. Pakiti moja, kalte Milch.
Kwetu baridi haivai kitu:
maziwa baridi, chai baridi, mikono baridi.
Lilikuja na wageni, likazikataa kofia zetu,
lenyewe na wenziwe safi, ghali, hodari.
Mwalimu anasema hata wao wanalo: rosa.
Gauni, ua, ukuta, halibadiliki.
Nimelipenda. Kumbe kila nyumba ina mgeni mkaidi
ambaye wenyeji wamechoka kumsema.

Na walipokuwa hapa walituachia shule na hela.
Kwao shule ni wa kike, hela wa kiume.
Sisi tukawalaza chumba kimoja, ukoo wa nyumba na nguo,
bila kuuliza nani mke nani mume,
na hakuna aliyelalamika.

Kanuni moja Mwalimu aliitaja haraka,
anafuta ubao, sisi tunakunja madaftari:
kivumishi kikikaa peke yake nyuma ya kitenzi,
hakina nomino mbele yake ya kuitumikia,
hakivai chochote.

Jana, saa tisa ya usiku, wodi ya wazazi,
mama wa kitanda cha dirishani aliita kwa sauti ndogo,
"Sista, umelala?"
Nikamjibu kwa Kiswahili, nipo, mama.
Lakini kichwani sentensi ilikwisha kujipanga yenyewe:
Ich bin wach.
Nikalitazama neno mkiani, mara ya pili, mara ya tatu,
nikitafuta nilichosahau.
Hamna.
Lilisimama miguu mitupu kwenye sakafu,
nami chini ya meza
viatu nilikuwa nimevivua.