Masizi

Makongolosi, saa moja na nusu, karasha limeshaanza kutafuna.
Mama kajifunga kitenge puani, anachambua:
jeupe huku, lenye kutu huku,
jeusi tupa.
Jeusi halina kitu. Linakuchafua mikono
halafu linakuachia njaa yako.

Ndivyo nilivyofunzwa mawe
kabla sijajua jina la jiwe hata moja.

Akaja Nsubisi, mwanajiolojia, buti zimepauka,
nyundo kiunoni.
Dhahabu hakuitazama. Akaenda moja kwa moja
kwenye lundo la kutupwa, akachutama,
akaokota jeusi, akalilamba.
"Huyu kaharibikiwa," mama akasema kwa Kinyakyusa,
na Nsubisi, mtu wa Tukuyu,
akaitika kwa Kinyakyusa.

Nilimbebea mfuko siku tisa, elfu kumi kwa siku.
Mto Lupa ulikuwa mchanga mtupu,
tulivuka bila kuvua viatu.

Siku ya nne akaniuliza:
unapanda kutoka kisimani, ndoo ziko mbili,
moja imejaa pomoni, moja imepungua kiasi cha kikombe,
utajitwika ipi?
Iliyopungua, nikasema. Nani mjinga?
Akacheka hadi akakaa chini.
"Basi na wao hivyohivyo."

Wao: vijidudu wasio na jicho wala utumbo,
waliotanda kama utelezi juu ya tope la bahari
wakati huku Chunya kulikuwa na bahari.
Kaboni, alisema, ina nyepesi na ina nzito,
na kilicho hai, tangu kile cha mwanzo kabisa,
kina uvivu wake wa heshima:
huzoa zaidi nyepesi, nzito huiachia maji.
Kikifa, uvivu unabaki.
Tope linakuwa jiwe, jiwe linakunjwa, linapikwa,
linainuliwa mlima, mvua inaula mlima,
na hesabu ile ya ndoo bado imo,
imelala ndani ya weusi.

Mfupa hawakuacha. Hawakuwa nao.
Wala unyayo, wala kaburi, wala wa kurithi jina
(au waliacha: mimi, na mbuzi, na kuvu ya mkate).
Waliacha upendeleo.

Kwetu ukikuta masizi katika nyumba iliyohamwa
huulizi kama paliishi mtu.
Unauliza walipika nini.
Nikamwambia hivyo, nikidhani nimemmalizia kazi.
Akafuta miwani kwa pindo la shati, muda mrefu,
miwani isiyo na vumbi.
"Yako masizi yasiyo na mpishi," akasema.
"Joto la ardhini, maji ya moto, chuma, gesi,
vinaweza kuyatengeneza pasipo hata mmoja kuwa hai.
Ndiyo maana napima. Ndiyo maana sisemi."

Miezi minane.
Kisha ujumbe kwenye simu:
*Nyepesi. Nyepesi sana.*
Na chini yake, peke yake: *Huenda.*

Nikamsomea mama kwa kupiga kelele, karasha linanguruma.
"Huenda ndiyo nini? Watalipa?"
Nikasema huenda, mama, zamani,
miaka bilioni mbili na ushei,
hapa unapochambua palikuwa na kitu
kilichouona mzigo kikachagua ulio mwepesi.

"Kilikuwa na akili," akasema,
akajitwika karai.

Yule niliyemtazama siku zote akitupa
siku hiyo sikumwona akitupa. Sikuona chochote, kwa kweli;
vumbi lilikuwa jingi.
Ila jioni jikoni nililikuta,
limewekwa figa la tatu, badala ya lile lililopasuka,
jeusi kati ya ya kijivu,
na masizi ya leo yanalipanda taratibu.

Limekaa upande kidogo.
Maharage yalichelewa kuiva.